Mto Unalisha Mitambo Mitatu Kati ya Tisa: Barua ya Wazi Kuhusu Maji ya Bwawa la Julius Nyerere

Kwa: Waziri wa Nishati, Waziri wa Maji, Menejimenti ya TANESCO, EWURA (mdhibiti wa nishati na maji), na Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji

YAH: KANUNI YA KUTUMIA MAJI YA BWAWA LA JULIUS NYERERE NA NAFASI YA UMEME WA MAJI KATIKA GRIDI YA TAIFA

Waheshimiwa,

Mitambo yote tisa ya Bwawa la Julius Nyerere, lililo kwenye Mto Rufiji, ilikamilika mwaka 2025, na namba inayotajwa kila mahali ni megawati 2,115. Ni namba sahihi, tisa mara 235. Inaeleza mitambo inaweza kutoa kiasi gani kwa wakati mmoja ikiwa yote imefunguliwa na maji yapo. Mto utaleta maji ya kuizungusha kwa saa ngapi ni swali jingine, na jibu lake halitajwi sana: makadirio ya mradi wenyewe ni uniti bilioni 6 hivi kwa mwaka (uniti moja ni kilowati moja kwa saa moja). Mwaka una saa 8,760. Ukigawanya unapata wastani wa megawati 685, pungufu kidogo ya mitambo mitatu.

Maana yake ni kwamba Rufiji, kwa mwaka wa kawaida, inalisha mitambo mitatu usiku na mchana. Sita iliyobaki haikujengwa kwa makosa. Ipo kwa ajili ya saa za jioni nchi nzima inapowasha taa na majiko, kwa ajili ya masika mto unapofurika, na kwa ajili ya siku ambayo mtambo mwingine umefunguliwa kwa matengenezo. Sasa fanya hesabu ya tamaa. Tukiendesha mitambo mitano bila kupumzika mwaka mzima, tutahitaji uniti bilioni 10 na zaidi kidogo, wakati mto umeleta za bilioni 6. Zile bilioni 4 za ziada zitatoka kwenye akiba ya bwawa. Kila uniti moja pale inakula karibu mita za ujazo 4 za maji, kwa hiyo tutakuwa tumepunguza mita za ujazo zaidi ya bilioni 16 kwa mwaka mmoja. Bwawa zima likijaa lina zaidi ya bilioni 30, na si zote zinazotumika, kwa sababu yale yaliyo chini ya usawa wa mita 163 juu ya bahari hayazungushi mtambo. Mwaka mmoja wa namna hiyo ukifuatiwa na mvua haba, tumerudi kwenye mgao, safari hii na bwawa kubwa kuliko yote nchini likiwa limelala.

Tunaloomba katika barua hii ni moja, ingawa lina matawi mengi: bwawa hili liendeshwe kama ghala, na kanuni ya kutoa na kuweka katika ghala hilo iandikwe, isainiwe na itangazwe kabla ukame wa kwanza haujalipata.

Hofu yetu ina msingi, na msingi wake ni Mtera.

Bwawa la Mtera, kwenye Mto Ruaha Mkuu unaoingia Rufiji, lilikamilika mwaka 1980 likiwa ghala la maji la kituo cha Kidatu kilicho chini yake. Kidatu ina mitambo minne yenye jumla ya megawati 204 na anguko (kimo ambacho maji yanashuka hadi mitamboni) la mita 175, lakini bwawa lake lenyewe ni dogo, mita za ujazo milioni 125 tu. Mitambo yote minne ikifunguliwa inameza mita za ujazo 130 hivi kwa sekunde. Piga hesabu: bwawa lililojaa, bila maji mapya, linakauka kwa siku 11. Ndiyo maana Mtera ikajengwa juu yake, na karibu mita za ujazo bilioni 3.2 zinazoweza kutumika kati ya usawa wa mita 698.5 na mita 690. Mwaka 1988 Mtera nayo ikawekewa mitambo miwili ya megawati 40. Tangu hapo ghala likawa na mdomo wake. Maji yakawa yanaweza kufunguliwa Mtera kwa sababu gridi inataka zile megawati 80, hata kama mito inayoingia kati ya Mtera na Kidatu, kama Lukosi na Yovi, imefurika na Kidatu haihitaji tone kutoka juu. Matokeo yake maji yaliyotunzwa kwa miezi yanafika Kidatu, yanakuta bwawa limejaa, yanapita kwenye utoro wa maji, yaani njia ya kumwagia yaliyozidi, bila kuzungusha chochote.

Mgao wa miaka ya 1990 ulipokuja, lawama ziliwaangukia wakulima wa mpunga wa Usangu, juu ya Mtera. Wakulima wanatumia maji, hilo halina ubishi, na Ruaha Mkuu imekuwa ikikauka ndani ya Hifadhi ya Ruaha kila kiangazi tangu 1993. Lakini uchambuzi wa kumbukumbu za mabwawa haya mawili ulionyesha kwamba sehemu ya upungufu ilitokana na namna maji yalivyofunguliwa. Maji ya kiangazi ya Usangu ni machache mno kuweza kujaza au kukausha Mtera. Kinachojaza Mtera ni mafuriko ya masika, na kinachoikausha ni uamuzi wa chumba cha udhibiti pamoja na jua. Tunasema jua kwa sababu Mtera ni pana na haina kina. Likijaa linatanda zaidi ya kilomita za mraba 600. Likipoteza milimita 5 tu kwa siku kwa mvuke, ambayo kwa eneo kavu kama lile si nyingi, ni mita za ujazo milioni 3 kila siku, sawa na mto wa mita za ujazo 35 kwa sekunde unaopaa angani.

Baadaye ukaja mgao wa 2006, kisha wa 2011. Oktoba 2015 mitambo ya maji ilizimwa karibu yote kwa kukosa maji. Mara nyingi dawa ilikuwa ileile, mitambo ya dharura, iliyoletwa kwa haraka na kulipiwa kwa bei ya haraka.

Leo hatuko palepale. Mitambo ya gesi asilia ipo Kinyerezi na Ubungo, na bwawa jipya ni kubwa karibu mara kumi ya Mtera. Lakini tazameni ramani. Mtera 80, Kidatu 204, Kihansi 180, Julius Nyerere 2,115. Jumla ni megawati 2,579, na zote ziko katika bonde moja la mto mmoja. Nje ya Rufiji tuna Pangani Mpya 68, Hale 21, Nyumba ya Mungu 8, na fungu letu la theluthi moja katika megawati 80 za Rusumo tunazogawana na Rwanda na Burundi. Hata ndani ya Rufiji mizani haiko sawa: Kilombero peke yake inaleta kama asilimia 62 ya maji yote, Luwegu 18, na Ruaha Mkuu 15. Mvua ikikataa kwenye miteremko ya Udzungwa na nyanda za Njombe msimu mmoja, imekataa kwa sehemu kubwa ya umeme wa maji wa nchi. Kuongeza mitambo katika bonde hilohilo kunaongeza megawati bila kupunguza hatari hiyo hata kidogo.

Sasa kanuni yenyewe. Kila bwawa la kuzalisha umeme linapaswa kuwa na mchoro unaoonyesha, kwa kila wiki ya mwaka, usawa wa maji unaotakiwa kuwapo. Juu kabisa unachorwa mstari wa mafuriko: usawa ukifika hapo, mitambo yote inaendeshwa, mageti yanafunguliwa kwa hatua, na gesi inapumzishwa. Chini yake ni eneo la kawaida. Chini zaidi kuna mstari wa tahadhari, ambapo uzalishaji wa mchana unapunguzwa na gesi inapandishwa mapema, miezi kadhaa kabla maji hayajaisha. Wa mwisho ni mstari wa dhiki, ambapo maji yanayobaki ni ya saa za jioni tu, ya kuwasha gridi ikizimika, na ya mto ulio chini ya bwawa. Kosa la Mtera lilikuwa kusubiri mpaka mstari wa mwisho. Mitambo ya gesi ikiwashwa mwezi Juni kwa kiasi kidogo, inaokoa maji yaleyale ambayo ikiwashwa Novemba kwa nguvu zote haiwezi tena kuyarudisha.

Rufiji ina msimu mmoja mrefu wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Mei, na kilele chake kwa kawaida ni Aprili. Kwa hiyo tarehe za uamuzi zinajipanga zenyewe. Juni 1, mvua zikiwa zimekwisha, tunajua tuna kiasi gani mpaka Desemba, na hapo ndipo bajeti ya maji ya mwaka inapaswa kupitishwa. Oktoba 1 inapimwa upya. Februari 1 swali linageuka: je, nafasi iliyobaki bwawani inatosha kumeza mafuriko ya Machi na Aprili? Maswali haya mawili yanavutana. Mtu wa umeme anataka bwawa lijae mapema, mtu wa Utete, chini ya bwawa, anataka liwe na nafasi. Ndiyo maana kanuni haifai kuachwa mikononi mwa upande mmoja. Isainiwe na TANESCO na Bodi ya Bonde kwa pamoja, na ibadilishwe kwa maandishi tu, kwa sababu zilizoandikwa.

Kuna faida nyingine ya kutoliacha bwawa lishuke ovyo, nayo haionekani kwa macho. Usawa wa juu ni mita 184, wa chini kabisa wa kuzalisha ni 163. Tofauti hiyo ya mita 21 ni karibu moja ya tano ya anguko lote. Maji yaleyale yakipita bwawa likiwa chini yanatoa umeme pungufu kwa karibu moja ya tano. Ukishusha bwawa haraka unatumia akiba mara mbili, kwa sababu kila mita ya ujazo inayofuata ina thamani ndogo kuliko iliyotangulia.

Tukija kwenye nani awashwe na nani azimwe, kipimo kinachotakiwa mezani pa wasimamizi wa gridi ni uniti kwa kila mita ya ujazo. Pale Kihansi, maji yanaanguka karibu mita 850, kwa hiyo mita moja ya ujazo inatoa uniti 2. Kidatu inatoa pungufu ya nusu uniti. Mtera na Julius Nyerere, kila moja robo uniti hivi. Lakini maji ya Mtera yanapita Kidatu, kisha yanapita Julius Nyerere, kwa hiyo tone moja likisimamiwa vizuri linafanya kazi mara tatu na kutoa karibu uniti nzima. Tone la Kihansi nalo linateremkia Kilombero na kufanya kazi tena Rufiji.

Kutokana na hesabu hiyo, umeme ukizidi gridini, wa kwanza kuzimwa awe mwenye ghala kubwa lenye nafasi. Kihansi ina kidimbwi tu mlimani. Maji yasiyotumika leo yanamwagika leo. Ukiizima Kihansi na kuacha Julius Nyerere izunguke ilhali bwawa lake halijajaa, unamwaga uniti 2 ili kutumia robo ambayo ingeweza kusubiri. Machi 2024 umeme ulipozidi, vituo vitano vya maji vilizimwa kwa wakati mmoja. Masika ya mwaka ule mito yote ilikuwa imefurika na nafasi ya kuchagua ilikuwa finyu. Itakuja siku ambayo bonde moja limejaa na jingine lina nafasi, na hapo utaratibu ulioandikwa utaokoa maji mengi kuliko uzoefu wa zamu iliyopo.

Kuna jambo la mitambo yenyewe pia. Mitambo ya aina iliyopo Julius Nyerere na Kidatu haipendi kufanya kazi nusunusu. Ikiendeshwa kati ya asilimia 40 na 70 hivi ya uwezo wake, maji yanayotoka chini ya gurudumu yanajisokota kama kamba, mtambo unatikisika, beringi zinapata joto, na mapovu ya mvuke yanayopasuka kwenye mapezi yanachimba chuma vishimo vidogovidogo mpaka bamba lote linakuwa kama sifongo. Gridi ikihitaji megawati 600 kutoka pale, ni afadhali mitambo mitatu ikaribie kujaa kuliko mitano ikitembea na megawati 120 kila mmoja. Tunajua kwa nini zamu hupenda mitano: mmoja ukianguka, minne iliyobaki inaongeza haraka. Njia bora ni kuigawa akiba hiyo ya uwezo wa kuongeza umeme haraka kati ya vituo tofauti, sehemu ikae Kidatu, sehemu Kinyerezi, kuliko kutesa mitambo mipya.

Akiba hiyo si jambo dogo. Mtambo mmoja wa megawati 235 ni mkubwa mno kwa gridi yetu. Mahitaji ya juu kabisa ya gridi mwaka 2025 yalikuwa yakizunguka megawati 1,900, na usiku wa manane yanashuka sana. Mtambo mmoja ukijizima saa 9 usiku, gridi inapoteza kwa sekunde moja sehemu ambayo nchi kubwa haziipotezi hata kituo kizima kikizimika. Kasi ya gridi inashuka chini ya hezi 50, mitambo mingine inajilinda kwa kujitoa, na kisa kidogo kinageuka giza la nchi nzima. Kinga yake inajulikana. Kila saa, mitambo inayozunguka ibaki na nafasi ya kuongeza angalau megawati 235 ndani ya sekunde chache. Virekebisha kasi vya mitambo yote mikubwa viachwe huru kufanya kazi, visifungwe ili mtambo utulie. Swichi za kupunguza mzigo zenyewe kasi ikishuka zijaribiwe kila mwaka, njia kwa njia, na zisiwekwe kwenye laini za hospitali na pampu za maji.

Mchana wa jua ndio nafasi tunayoipoteza kuliko zote. Ukifunga umeme jua wa megawati 100 Shinyanga, Singida au Dodoma, kwa siku ya kawaida utatoa kama uniti 480,000, nyingi zikija kati ya saa 3 asubuhi na saa 10 jioni. Jua likizama, zinaisha. Wengi huishia hapo na kusema umeme jua haufai kwa sababu hauna jioni. Jioni yake ipo Rufiji. Uniti 480,000 zilizotoka juani ni karibu mita za ujazo milioni 2 ambazo hazikufunguliwa bwawani mchana ule, na zipo palepale saa 1 usiku kwa ajili ya mitambo ile sita. Nchi nyingi zinanunua betri kwa fedha nyingi ili kupata kitu ambacho sisi tumeshakijenga. Mradi wa umeme jua wa Kishapu, uliopangiwa megawati 150, unapaswa kuwa wa kwanza kati ya mingi, na uwekezaji huo upimwe kwa maji unayookoa, si kwa megawati za bango. Upepo wa Singida upimwe kwa kipimo hicho hicho. Jotoardhi ya Ngozi na Songwe ingefaa zaidi kuliko vyote, kwa kuwa haina usiku wala kiangazi, na uchorongaji wake usisimamishwe kwa sababu tu kwamba sasa tuna bwawa.

Gesi katika mpango huu ina kazi ya bima. Bima hukaguliwa kabla ya ajali. Matengenezo makubwa ya Kinyerezi na Ubungo yafanywe Machi hadi Mei, maji yakiwa tele, ili ifikapo Juni kila mtambo wa gesi uwe tayari kuitwa. Vilevile, Hale ya mwaka 1964 na Kidatu ya mwaka 1975 zisisahauliwe kwa sababu ya ukubwa wa mgeni. Megawati moja inayookolewa kwa kubadilisha nyaya za jenereta lililochoka au gurudumu lililoliwa na mchanga hugharimu kidogo sana ikilinganishwa na megawati mpya, na haihitaji kuhamisha mtu.

Njia za kusafirisha tutazitaja kwa kifupi, kwa kuwa mnazifahamu. Umeme wa Rufiji unatoka kwa njia ya kilovoti 400 ya kilomita 160 hadi Chalinze. Njia ya kutoka Chalinze kwenda Dodoma, kilomita 345, ndiyo inayoamua kama umeme huo utafika Kanda ya Ziwa na Kaskazini ukiwa na nguvu. Machi 2025 taifa lilielezwa kwamba kupeleka umeme Kaskazini kunapoteza shilingi bilioni 32 kwa mwaka, na kwamba utanunuliwa umeme wa Ethiopia kupitia Kenya. Watu wengi walishangaa. Sisi tunauona uamuzi huo kuwa na mantiki ambayo haikuelezwa vya kutosha. Mvua za nyanda za juu za Ethiopia zinanyesha zaidi Juni hadi Septemba, wakati Rufiji inashuka. Mito ya Ethiopia na Rufiji inapokezana misimu. Kenya nayo ina mvuke wa Olkaria unaozidi usiku wa manane, ilhali jioni inabanwa. Njia ya kilovoti 400 kutoka Isinya hadi Singida inaweza kubeba biashara ya pande zote: tununue usiku na katika kiangazi, tuuze jioni na wakati wa masika. Mikataba iandikwe kwa saa na kwa misimu. Mkataba wa megawati zilezile mwaka mzima utatulazimisha kununua tukiwa tumejaa.

Chini ya bwawa kuna watu. Wakulima wa Rufiji wana kilimo chao cha mlau, wanaopanda kwenye udongo wenye unyevu maji ya mafuriko yanapoondoka, na delta ina mikoko na kamba wanaotegemea maji matamu na tope la mto. Bwawa linakamata tope na kulainisha mafuriko. Mafuriko ya Aprili 2024 ya Rufiji na Kibiti yalionyesha upande wa pili, kwamba watu wakizoea mto mtulivu hushuka kulima chini zaidi, na maji makubwa yakija yanawakuta huko. Kanuni ya bwawa iwe na mambo matatu kwa ajili yao. La kwanza ni kiasi cha chini cha maji kinachopita kila saa, ili mto usikauke mchana na kuvimba jioni. Mtambo mmoja ukijaa unapitisha zaidi ya mita za ujazo 200 kwa sekunde, kwa hiyo kuwasha na kuzima mitambo mitano ndani ya nusu saa ni kuinua na kushusha mto mzima juu ya mitumbwi ya wavuvi. La pili ni furiko dogo la makusudi wakati wa masika katika miaka yenye maji ya kutosha, likiwa na tarehe iliyotangazwa mapema, ili mlau na delta vipate haki yao. La tatu ni onyo: muda wa maji kusafiri kutoka mageti hadi Utete, Mohoro na delta upimwe kwa viwango tofauti vya ufunguzi, na kila kijiji kijue kina saa ngapi baada ya king'ora na ujumbe wa simu.

Kihansi ilitufundisha gharama ya kupanga maji ya mazingira baada ya ujenzi. Chura mdogo wa pale aligunduliwa mwaka 1996 wakati kazi imeanza. Maji yalipochepushwa kwenda mitamboni, manyunyu ya maporomoko aliyoishi ndani yake yakapotea, na kufikia 2009 alitangazwa kuwa hayupo tena porini. Vinyunyizio vilifungwa, vyura wakalelewa Marekani na kurudishwa, na kazi hiyo ingekuwa nyepesi zaidi kama kiwango cha maji ya maporomoko kingewekwa kabla.

Juu ya bwawa, ghala halisi ni ardhi. Tope haliingii kwenye taarifa ya kila siku ya gridi mpaka linapoanza kula mapezi ya mitambo na kuziba ujazo. Sakafu ya Bwawa la Julius Nyerere ipimwe sasa, likiwa bado jipya, kwa mashua yenye kipimakina cha sauti, halafu irudiwe kila baada ya miaka mitano katika mistari ileile. Bila kipimo cha mwanzo hatutajua tunapoteza kiasi gani. Vituo vya kupima maji na tope vya Kilombero, Luwegu na Ruaha Mkuu viwe na wasomaji wanaolipwa kwa wakati, kwa maana kituo cha kisasa kisicho na mtu wa kukata nyasi na kusafisha bomba la kipimo hutoa namba nzuri za uongo. Bodi ya Bonde hupokea ada ya matumizi ya maji kutoka mitambo ya umeme. Tunaomba sehemu inayojulikana ya ada hiyo itengwe kwa ajili ya kazi hizi na kwa ajili ya mifereji ya Usangu na Kilombero, ambako geti moja la chuma linalofungika vizuri baada ya mavuno hurudisha mtoni maji ambayo doria za kuondoa watu hazijawahi kuyarudisha.

Tunamalizia na ombi linaloweza kutekelezwa wiki hii bila fedha mpya. Kila Jumatatu, TANESCO na Bodi ya Bonde watoe ukurasa mmoja kwa umma wenye usawa wa maji wa Julius Nyerere, Mtera, Kidatu na Nyumba ya Mungu, maji yaliyoingia na yaliyotoka kwa wiki, uniti zilizozalishwa kwa maji, kwa gesi na kwa jua, na mahali usawa ulipo ukilinganishwa na mstari wa tahadhari. Namba hizo zinasomwa vituoni kila asubuhi tayari. Mwenye kiwanda Mwanza atajua mwezi Julai kama anunue jenereta, mkulima wa Mohoro atajua mwezi Februari kama apande bondeni, na Kamati ya Bunge itakuwa na mahali pa kuanzia maswali yake.

Tuko tayari kuja kueleza hesabu yoyote iliyomo humu, mbele ya wataalamu wenu, siku mtakayopanga.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Wahandisi wa mitambo, wa maji na wa gridi